UZI: Kompyuta kuukuu haishiki Wi-Fi? Jua kwanza imekwama hatua gani

#1 FundiSection58 (Nakuru)

Wadau, swali la "mashine yangu haiingii Wi-Fi, ninunue nini?" limerudiwa humu hadi limechakaa. Halina jibu mpaka ujue imekwama wapi. Hatua ni tano, na zinafuatana: mashine iione kadi yake, kadi iuone mtandao, ruta iikubali nywila, mashine ipewe anwani, halafu kivinjari kikubali kufungua tovuti. Aliyekwama hatua ya pili akianza kubadilisha draiva (programu inayoiendesha kadi), hata akibadilisha kumi atabaki palepale.

Tunazungumzia mashine za mtumba zilizojaa madukani kuanzia hapa Nakuru hadi Busia: OptiPlex 755 na 780, HP Compaq, Latitude D630 na E6400, ThinkPad T61 na T400. Nyingi ni za miaka ya 2007 hadi 2010, na kiwango cha 802.11n chenyewe kilipitishwa 2009. Ruta za faiba tunazofungiwa siku hizi ni wajukuu wa mashine hizo. Mara nyingi hakuna kilichoharibika, ila babu na mjukuu hawaelewani lugha.

Hatua ya kwanza imalizwe hapa hapa. Bonyeza Windows+R, andika devmgmt.msc, fungua "Network adapters". Tafuta jina lenye Wireless, WLAN au 802.11. OptiPlex na kompyuta nyingine za mezani za enzi hiyo kwa kawaida hazikuja na kadi ya Wi-Fi kabisa, kwa hiyo usitafute kitu ambacho hakikuwekwa. Kwenye laptopu, kabla ya kugusa draiva, tafuta swichi. Latitude D630 na E6400 zina kitelezi ubavuni. ThinkPad T61 na T400 zinacho kwenye ukingo wa mbele, chini ya mahali pa kuweka viganja. HP nyingi zina kitufe cha kugusa juu ya kibodi: taa ya buluu redio imewaka, taa ya rangi ya chungwa imezimwa. Mtoto akipitisha kidole hapo, nyumba nzima italala bila intaneti.

Kama jina lipo lakini lina alama ya njano, libofye mara mbili usome nambari. Code 28 maana yake hakuna draiva. Code 10, draiva ipo lakini kadi haianzi, mara nyingi kwa sababu draiva si yake. Code 52 Windows haiamini sahihi ya draiva. Kama ni "Unknown device", nenda "Details", chagua "Hardware Ids", nakili nambari za VID na PID. Hizo ndizo kitambulisho cha kweli. Maandishi ya boksi yasahau, kwa sababu kiwanda hubadilisha chipu ndani na kuacha jina lilelile nje. TL-WN722N toleo la kwanza ina chipu ya Atheros AR9271, toleo la pili na la tatu zina Realtek. Draiva ya moja haifanyi kazi kwa nyingine.

Leteni matatizo. Taja modeli, toleo la Windows na nambari ya kosa. "Imekataa" si maelezo.

#2 SaibaKondele (Kisumu)

Mimi ndiye wa kwanza basi. OptiPlex 780, Windows 7 ya biti 64, adapta ndogo ya USB ya 150 Mbps. VID_0BDA, PID_8179. Draiva inaingia vizuri, halafu Code 52.

#3 FundiSection58

0BDA ni Realtek, na 8179 ni RTL8188EUS. Chipu ya kawaida, haina makuu. Kosa liko kwa Windows.

Windows 7 ilitoka wakati draiva zikitiwa sahihi ya kidijitali ya aina ya SHA-1. Draiva mpya zina SHA-2 peke yake, na Windows 7 ambayo haijapata masasisho haijui kuisoma. Fanya kwa mpangilio huu:

Andika winver. Lazima uone Build 7601 na "Service Pack 1". Ukiona 7600, weka SP1 kwanza, la sivyo mengine yote yatakataa. Kwa kutumia simu au mashine nyingine, fungua Microsoft Update Catalog uchukue KB4490628 na KB4474419, zote za x64. Zihamishe kwa flashi. Weka KB4490628, zima na kuwasha upya, kisha KB4474419, zima na kuwasha tena. Halafu "Uninstall" adapta kwenye Device Manager ukiweka alama ya kufuta draiva, ichomoe, ichomeke, weka draiva upya.

Utaambiwa na watu ubonyeze F8 uchague "Disable Driver Signature Enforcement". Hiyo hudumu mpaka utakapozima mashine. Kesho asubuhi Code 52 imerudi na wateja wako kwenye foleni.

#4 Bisibisi_Kakamega

Niongeze kuhusu hizo adapta ndogo kama kucha, maana watu wanazinunua halafu wanalaumu kampuni ya intaneti.

Usiichomeke mbele ya kompyuta ya mezani. Soketi za mbele zimeunganishwa na ubao kwa waya mwembamba ambao baada ya miaka kumi na tano unalegea, na adapta inapotaka umeme mwingi kidogo inajizima. Tumia za nyuma. Lakini nyuma nako kuna balaa lake: adapta inakaa kati ya boksi la chuma na ukuta, na antena yake haifiki hata sentimita mbili. Dawa ni waya wa kurefusha USB wa mita moja, uitoe adapta hadi juu ya meza. Kwa vibanda vya mabati, huo waya peke yake unaweza kuwa tofauti ya kushika na kutoshika.

Pili, baadhi ya adapta za sasa hivi zinajifanya CD. Ukiichomeka inaonekana kama diski yenye draiva ndani, na inabaki diski mpaka draiva iwekwe. Kwenye Linux, ya Realtek utaiona kwa lsusb kama 0bda:1a2b. Amri ya kuibadilisha ni sudo usb_modeswitch -KQ -v 0bda -p 1a2b, kisha itazame tena kwa lsusb. Nambari ya pili inapaswa kuwa imebadilika.

Tatu, kwa mashine kongwe zaidi, angalia kama soketi ni USB 1.1. Mwisho wake ni 12 Mbps hata ukifungiwa faiba ya 100. USB 2.0 ni 480.

#5 MwalimuWaBungoma

Mulembe wote. Laptopu ya ofisi ya walimu, HP Compaq 6730s, Windows 7. Inaona mitandao ya majirani minne, wa kwetu hauonekani kabisa. Simu zote za walimu zinaushika. Ruta ni mpya. Draiva haina alama ya njano.

#6 RedioNaAntena (Kisumu)

Mwalimu, hapo kadi ni nzima, kwa sababu inasikia majirani. Umekwama hatua ya pili, na hatua hiyo ina visababishi vichache tu. Fungua dirisha jeusi la cmd, andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa "Radio types supported". Herufi zake zinakwambia umri. 802.11b ni ya 1999, mwisho wake 11 Mbps. 802.11g ni ya 2003, mwisho 54 Mbps kwenye karatasi, kama 20 hadi 25 mezani. Hizo mbili zinasikia bendi ya 2.4 GHz pekee. Ukiona 802.11a, basi bendi ya 5 GHz nayo inasikika. Ndiyo maana Intel 3945ABG na 5100 AGN, ingawa ni za zamani, zina A kwenye jina. Herufi n peke yake haikuhakikishii 5 GHz: zile za BGN zinaishia 2.4.

Sasa visababishi, kuanzia vinavyotokea zaidi.

Bendi. Ruta mpya inaweza kuwa imewashwa 5 GHz tu, au imeunganisha bendi mbili chini ya jina moja na kuwasukuma wateja kwenye 5. Ingia ndani ya ruta, uzitenganishe majina: moja libaki lilivyo, la 2.4 liongezewe kitu mwishoni. Anwani ya ruta utaipata kwa ipconfig kwenye mashine iliyoshika, mstari wa "Default Gateway", au kwenye stika chini ya ruta. Za Huawei za faiba huwa 192.168.100.1.

Chaneli. Hiki ndicho kinachowapiga watu chenga. Bendi ya 2.4 GHz huku kwetu inaruhusu chaneli 1 hadi 13. Marekani inaruhusu 1 hadi 11. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani ina kadi iliyofungwa kiwandani kwa sheria za kwao, kwa hiyo chaneli 12 na 13 haizisikii hata ukiiweka juu ya ruta. Ruta iliyoachwa "Auto" huchagua chaneli kila inapowaka. Stima ikipotea usiku na kurudi, inaweza kuamkia 13, na laptopu iliyokuwa inashika jana leo haioni kitu. Weka 1, 6 au 11 kwa mkono na uiache hapo. Programu yoyote ya simu ya kupima Wi-Fi itakuonyesha kila jirani yuko wapi, uchague isiyo na msongamano.

Modi. Kama ruta ni ya Wi-Fi 6, teremsha 2.4 GHz iwe "802.11b/g/n" badala ya "ax". Draiva za zamani zinapokutana na tangazo la ax zinaweza kulitupa zima, mtandao usiorodheshwe kabisa. Upana wa chaneli uwe 20 MHz.

Jina lililofichwa. Sioni faida yake. Halimzuii mwizi, linamsumbua mwenye nyumba.

Walimu wengine wataona kasi ya 2.4 ni ndogo. Waache kwenye 5.

#7 kijana_wa_pipeline (Nakuru)

Si uondoe tu nywila mashine iingie? Au uweke WEP. Mashine za zamani zinapenda WEP.

#8 FundiSection58

Hapana. WEP, ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi, huvunjwa kwa dakika chache na mtu mwenye laptopu na programu ya bure. Mtandao usio na nywila ndio huo huo. Na kuna adhabu nyingine: kiwango cha n hakiruhusu WEP wala TKIP, kwa hiyo ukiviwasha, vifaa vyote kwenye mtandao huo vinashushwa hadi 54 Mbps. Umemtesa kila mtu kwa ajili ya mashine moja.

Tatizo la kweli la hatua ya tatu ni WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi. Ilitoka 2018. WPA2 ni ya 2004, na tangu Machi 2006 kila kifaa chenye cheti cha Wi-Fi kinatakiwa kuijua. Kwa hiyo karibu laptopu zote tunazozitaja hapa zinaijua WPA2 na hakuna hata moja inayoijua WPA3. Ruta ikiwa "WPA3 only", mashine itauliza nywila, utaiweka sahihi, itauliza tena, mpaka uanze kutilia shaka macho yako. Weka "WPA2-PSK" na usimbaji "AES". Kuna pia kitu kinaitwa PMF au 802.11w. Kikiwa "Required", mashine ya zamani inakataliwa mlangoni. Kiwe "Optional" au kizimwe.

Hutaki kushusha ulinzi wa nyumba nzima? Tumia mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinao. Washa wa 2.4 GHz pekee, WPA2 AES, nywila yake tofauti, na huo ndio uwe wa mashine kuukuu. Mtandao mkuu ubaki na WPA3. Faida ya ziada ni kwamba mashine isiyopata masasisho inatengwa na simu na kompyuta zenu nyingine. Hasara: printa iliyo kwenye mtandao mkuu haitaonekana.

Kuna wanaotumia hotspoti ya simu badala ya ruta. Sheria ni zile zile: kwenye Android chagua bendi ya 2.4 GHz na ulinzi wa WPA2, kwenye iPhone washa "Maximise Compatibility".

#9 UshonajiKibuye (Kisumu)

Na XP je? Kuna kompyuta inayoendesha mashine ya kudarizi sweta za shule. Programu yake haikubali Windows nyingine. XP SP2, Pentium 4, ina soketi ya waya wa mtandao. Kinachotakiwa ni kupokea michoro kutoka kompyuta ya mapokezi bila kupitisha waya dukani.

#10 FundiSection58

XP SP2 haijui WPA2 mpaka uiongezee KB893357. SP3 inayo ndani. Kwa hiyo SP3 kwanza. Halafu huduma ya "Wireless Zero Configuration" iwe "Started" kwenye services.msc, na kama kuna programu ya Intel au Dell ya kuongoza Wi-Fi, chagua mmoja awe dereva: ama hiyo, ama Windows kwa kuweka alama kwenye "Use Windows to configure my wireless network settings". Zikishikilia usukani zote mbili, hakuna safari.

Lakini kwa mashine ya kazi kama hiyo nisingeigusa XP yenyewe hata kidogo. Ukiharibu leseni ya programu ya kudarizi, hasara yake si ya adapta. Bisibisi, mweleze ile ya ruta.

#11 Bisibisi_Kakamega

Ile ya ruta ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inafaa mashine yoyote yenye soketi ya waya, iwe XP, Windows 98, hata printa.

Unachukua ruta ndogo ya pili yenye uwezo wa kupokea Wi-Fi, kwa mfano TL-WR840N, unaiweka kando ya kompyuta, na waya mfupi unatoka kwenye soketi ya LAN ya ruta hadi kwenye kompyuta. Kompyuta inadhani iko kwenye waya. Haina habari na WPA2, chaneli wala draiva ya Wi-Fi. Yote hayo ni kazi ya ruta.

Jinsi ya kuiweka: bonyeza "Reset" kwa sekunde kumi hivi mpaka taa zipepese. Unganisha laptopu kwa waya, fungua anwani iliyo kwenye stika. Kwenye "Operation Mode" chagua "Range Extender". Itatafuta mitandao, chagua wa 2.4 GHz, weka nywila, hifadhi, isubiri iwake upya. Kisha hamishia waya kwenye kompyuta ya kudarizi. Kwa modi hiyo, anwani inatoka kwa ruta kuu, kwa hiyo kompyuta zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja na mafaili yanapita. Ukichagua "WISP" badala yake, ruta ndogo inatengeneza mtandao wake, intaneti utaipata lakini kompyuta ya mapokezi haitaiona ya kudarizi.

Mambo ya kuangalia: ruta ndogo iwe mahali inaposikia vizuri, si nyuma ya mashine ya chuma. Kasi itapungua karibu nusu kwa vifaa vitakavyoshika Wi-Fi ya ruta ndogo, lakini aliye kwenye waya haumii hivyo. Na usome volti kwenye stika kabla ya kuchomeka chaja: ruta ya volti 9 ukiipa chaja ya volti 12 ya ruta ya faiba, utanunua nyingine.

#12 RedioNaAntena

Na omera, hiyo XP isitoke kwenda intaneti. Msaada wake wa masasisho ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Kwenye ruta kuu kuna sehemu ya kuzuia kifaa kwa anwani yake ya MAC (nambari ya kadi yake ya mtandao): izuiwe intaneti, iachiwe mtandao wa ndani tu. Michoro haihitaji zaidi.

#13 SaibaKondele

KB mbili zimeingia, Code 52 imeondoka, asante. Sasa inashika mtandao, pau zote tano, lakini kuna pembetatu ya njano na "No Internet access". ipconfig inaonyesha 169.254.31.8.

#14 FundiSection58

Hatua ya nne hiyo. Anwani inayoanza na 169.254 mashine imejipa yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Pau tano zinakwambia redio ni nzuri tu, hazikwambii lolote kuhusu anwani.

Jaribu ipconfig /release halafu ipconfig /renew. Ikikataa, angalia mambo haya: je, ruta ina kizuizi cha MAC, au imefikia idadi ya juu ya vifaa? Saiba yenye simu za wateja hujaza anwani haraka. Kama ruta imewekwa kutoa anwani 20 tu, ya 21 inakaa nje. Panua safu, mfano kutoka 100 hadi 200, au punguza muda wa kukopesha anwani uwe saa mbili. Je, nywila ni ya kweli? Kwenye WEP na baadhi ya draiva mbovu, mashine hudai imeshika hata kama nywila ni kosa.

Kama anwani si 169.254 bali ni ya ajabu, kama 10.20.5.14 ilhali ruta yako ni 192.168.1.1, mashine ilikuja na anwani ya kudumu ya ofisi ya ng'ambo ilikotoka. Andika ncpa.cpl, fungua "Properties" za kadi, "Internet Protocol Version 4", chagua "Obtain automatically" kwa anwani na kwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani). Usisahau DNS, watu hurekebisha ya juu na kuiacha ya chini.

Baada ya hapo pima kwa kupanda ngazi: ping ya ruta yako, kisha ping 8.8.8.8, kisha nslookup ya tovuti yoyote. Ya kwanza ikifeli, tatizo liko kati yako na ruta. Ya pili ikifeli, liko kati ya ruta na kampuni, wapigie. Ya tatu peke yake ikifeli, ni DNS.

Mwisho kabisa ndipo ufikie netsh winsock reset na netsh int ip reset, kisha kuwasha upya. Kwenye XP hiyo ya pili inadai jina la faili: netsh int ip reset c:\reset.txt.

#15 kijana_wa_pipeline

Au bonyeza tu "Network reset" kwenye settings.

#16 FundiSection58

Kitufe hicho kilianza na Windows 10. Kwenye 7 hakipo.

#17 SaibaKondele

Ilikuwa safu ya anwani, ruta ilikuwa inatoa kumi na tano. Sasa vipimo vyote vitatu vinajibu. Lakini Chrome inasema "Your connection is not private" kwa kila tovuti, eCitizen, iTax, zote.

#18 RedioNaAntena

Soma herufi ndogo chini ya ukurasa. Kama ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, angalia saa ya kompyuta kona ya chini kulia. Nakisia inasema mwaka wa 2009.

Betri ya ubao imekufa. Ni CR2032, ya volti 3, duara kama sarafu. Ikiisha, kila stima inapokatika mashine inasahau tarehe. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine iliyoko 2009 inaviona vyote kama vya mtu ambaye hajazaliwa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi kumaliza chaji, sukuma kibanio, toa betri, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiwasha, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao wenyewe (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad), weka tarehe na saa.

Usitegemee Windows ijirekebishe kutoka mtandaoni. Kwa kawaida saa ikiwa imepotea zaidi ya saa 15, inakataa kusahihisha, inaona kwamba kuna jambo. Lazima mkono wako uikaribishe kwanza.

Ikiwa tarehe ni sahihi na bado inakataa, basi vyeti vikuu vya Windows vimezeeka. Kimoja kilichotumika na tovuti nyingi kiliisha tarehe 30 Septemba 2021. Njia nyepesi ni Firefox, kwa sababu inabeba vyeti vyake yenyewe. Kwa Windows 7 toleo la mwisho ni la mfululizo wa 115 ESR; Chrome iliishia 109. Kwa XP, IE8 haijui kabisa TLS 1.2 (usimbaji unaodaiwa na tovuti za leo), na ndiyo maana sikuhangaika kumtafutia ndugu wa Kibuye njia ya intaneti.

#19 mama_laptop (Nakuru)

Latitude E6400 ya RAM 2 GB. Bora Linux ama kununua kadi nyingine ya ndani? Na draiva za Linux utazishushaje kama Wi-Fi ndiyo haifanyi?

#20 Bisibisi_Kakamega

Dada, hilo la mwisho ndilo zuri. Chukua simu ya Android, iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, zima data, ichomeke kwa waya wa USB, washa "USB tethering". Simu imekuwa kadi ya Wi-Fi. Haili bando kwa sababu inapitisha Wi-Fi. Linux inaitambua papo hapo. Windows 7 kwa kawaida nayo. Ikikataa, kwenye Device Manager chagua draiva kwa mkono: "Network adapters", "Microsoft Corporation", "Remote NDIS Compatible Device".

Ukiweka Debian 12 au MX Linux, Intel nyingi zinafanya kazi tangu mwanzo. Yenye kusumbua ni Broadcom. Andika lspci -nnk uone nambari. 14e4:4315 ni BCM4312, inataka kifurushi cha firmware-b43-lpphy-installer. Zile nyingine za kizazi hicho zinataka firmware-b43-installer. Vyote viwili vinashusha kitu kutoka intaneti wakati wa kuwekwa, ndiyo maana unahitaji ile simu. Na rfkill list kwanza: "Hard blocked: yes" ni swichi ya ubavuni, hakuna amri itakayoifungua.

Kubadilisha kadi ya ndani: E6400 ni Dell, haichagui sana. Chomoa betri, fungua kifuniko cha chini, vua waya mbili za antena kwa kuzivuta juu wima, usizipinde. Mweupe kwa kawaida ni "Main", mweusi ni "Aux". Pima nafasi: kadi ndefu ni milimita 51 hivi, fupi ni 27. Wenye HP na ThinkPad wasinunue kabla ya kusoma: BIOS zao zina orodha ya kadi zinazokubaliwa. HP itakuonyesha "104-Unsupported wireless network device detected", ThinkPad "1802: Unauthorized network card", na mashine haitawaka mpaka uitoe. Kwa hao, adapta ya USB.

#21 mama_laptop

Nitaanza na simu. Na ikishika halafu inakatika kila baada ya dakika tano?

#22 RedioNaAntena

Kuokoa umeme. Device Manager, kadi, "Power Management", toa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device". Kisha "Power Options", "Wireless Adapter Settings", "Maximum Performance". Kwa adapta ya USB, zima pia "USB selective suspend". Kwenye Linux Mint ni faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, badilisha 3 iwe 2.

Ikiendelea, pima mawimbi kwa netsh wlan show interfaces. Asilimia 100 ni -50 dBm, 60 ni -70, na chini ya 40, yaani -80, tarajia kukatika. Hapo hakuna draiva itakayosaidia, sogeza ruta.

#23 MwalimuWaBungoma

Ruta ilikuwa chaneli 13. Nimeiweka 6. Mtandao umeonekana.